Marudio ni ya nani?

Ukipeleka mawe yako kwenye karasha, iwe Geita, Kahama au Chunya, utatajiwa bei ya kusaga. Kuna bei nyingine hutatajiwa, ingawa nayo unailipa: mchanga wako ukishasagwa na kupita mwaloni, yaani kwenye ubao wa kunasia dhahabu, mara nyingi unabaki uani kwa mwenye karasha. Mchanga huo unaitwa marudio, na jina linajieleza, maana ni kitu kinachosubiri kurudiwa. Mchimbaji anaondoka na kidonge chake cha dhahabu. Mwenye karasha anabaki na rundo. Baadaye rundo linaingia kwenye matangi ya sianidi, yake mwenyewe au ya aliyelinunua, na si ajabu likatoa dhahabu nyingi kuliko ile iliyoondoka na mwenye mawe. Hoja yangu ni kwamba mambo mawili tuliyozoea kuyajadili kila moja kivyake, umaskini wa mchimbaji mdogo na ukaidi wa zebaki, yote yamelala ndani ya rundo hilo. Na rundo hilo halijawahi kupimwa mbele ya mwenye mawe.

Tuanze na jiwe. Mbale, yaani mawe yenye dhahabu, ikiwa na gramu 10 kwa tani ni mbale nzuri. Migodi mikubwa mingi duniani inaishi kwa gredi ya chini ya hapo. Tani moja ni viroba 20 vya kilo 50, na dhahabu yote ya tani hiyo, kama ingekusanyika mahali pamoja, ingekuwa kijiwe cha milimita 8 kila upande, kidogo kuliko dadu ya ludo. Tabu ni kwamba haikukusanyika. Sehemu yake ni punje zinazoonekana kwa macho katika jiwe jeupe. Sehemu nyingine ni laini kuliko unga wa sembe. Nyingine imefungwa ndani ya pairiti, madini yale ya manjano yanayomdanganya mgeni kwa kung'aa, na haitoki mpaka pairiti yenyewe ivunjwe. Uchenjuaji wote, kuanzia karai hadi mtambo wa mabilioni, ni kutafuta namna ya kukamata punje hizi za aina tatu, na hakuna chombo kimoja kinachozikamata zote.

Karasha ni ngoma ya chuma iliyojaa gololi, inazungushwa na mota au injini ya dizeli. Kazi yake ni kufungua, kwa sababu punje ambayo haijaachana na jiwe haikamatiki vizuri kwa njia yoyote. Mitambo mikubwa husaga mpaka sehemu kubwa ya mchanga ifike kiasi cha mikroni 75, karibu na unene wa unywele. Karasha la uani mara nyingi huishia kabla ya hapo, kwa kuwa kila saa ya ziada ni dizeli au umeme wa mtu. Kisha uji wa mchanga na maji unateremshwa mwaloni, kwenye ubao ulioinama uliotandikwa magunia. Dhahabu ina uzito wa mara 19.3 ya maji, jiwe jeupe mara 2.65 tu, kwa hiyo punje nene huzama na kunasa kwenye nyuzi. Punje laini, hata zikiwa dhahabu tupu, hupanda mgongo wa maji na kwenda zake. Magunia yanakung'utwa ndani ya beseni, zebaki inamiminwa, mkono unakoroga. Zebaki huikumbatia dhahabu, kitambaa kinakamuliwa, kinabaki kidonge cheupe kama fedha. Kikichomwa, zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi na kuondoka kama mvuke usioonekana. Dhahabu, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064, inabaki ikiwa na vitundu kama sponji. Mawe yaliingia asubuhi, jioni mnunuzi ameshapima.

Sianidi hufanya kazi nyingine kabisa. Yenyewe huiyeyusha dhahabu ndani ya maji, kama chumvi inavyoyeyuka, ila taratibu. Mchanga kwanza hutiwa chokaa mpaka pH ifike kati ya 10 na 11, kwa sababu chini ya hapo sianidi huanza kutoka kama gesi inayoua. Kisha huwekwa maji ya sianidi hafifu, na hewa, kwa kuwa bila oksijeni dhahabu haiyeyuki. Kwenye matangi yanayokorogwa kazi huchukua saa 24 au zaidi. Kwenye matangi ya saruji ambamo maji hupenya mchanga uliotulia, huchukua wiki moja, mbili au zaidi. Maji yenye dhahabu hukutanishwa na kaboni, ambayo aina yake nzuri hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, na kaboni huifyonza dhahabu. Baadaye kaboni hupelekwa kwenye elusheni, ambako maji ya moto yenye magadi makali huitoa dhahabu ndani ya kaboni, umeme ukaigandisha kwenye nyuzi za chuma, na tanuru likaiyeyusha pamoja na boraksi. Njia hii hufika hadi kwenye punje laini ambazo mwalo haukuziona. Udhaifu wake ni kwamba punje nene huichelewesha kwa siku nyingi, ndiyo maana mtambo wenye akili huanza na uzito kisha humalizia na sianidi. Na shaba ikiwamo kwenye mbale, huila sianidi yako kabla dhahabu haijaguswa.

Historia ya jambo hili tunayo tayari. Hataza ya sianidi ilichukuliwa mwaka 1887 na John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest, huko Glasgow. Wakati huo Witwatersrand, Afrika Kusini, ilikuwa inaingia kwenye matatizo: wachimbaji walipovuka mwamba uliochakaa wa juu na kukutana na pairiti chini, sahani za zebaki zilianza kukamata kidogo na kupoteza kingi. Sianidi ilifika kule mwaka 1890 na kuiokoa migodi iliyokuwa imeanza kukatiwa tamaa. Vilima vya mchanga vilivyoachwa kuzunguka Johannesburg vimekuwa vikichenjuliwa tena, na vingine vinachenjuliwa hadi leo. Mtu aliyeviita taka mwaka 1889 alikuwa anasema habari za chombo chake, maana mchanga wenyewe ulikuwa bado na mali.

Sasa tupige hesabu, kama mfano. Tani yetu ina gramu 10. Wataalamu waliopima kazi za wachimbaji wadogo katika nchi mbalimbali huikadiria dhahabu inayopatikana kwa mwalo na zebaki kuwa kati ya asilimia 30 na 50. Tuchukue 40. Mwenye mawe ameondoka na gramu 4. Humo kuna mgawo wa mwenye leseni, wa mwenye duara (shimo), wa vijana walioshuka, baruti, pampu ya maji na chakula cha wiki tatu. Kwenye rundo zimebaki gramu 6. Matangi yakikamata asilimia 80 ya hizo, zinatoka gramu 4.8. Kemikali, kaboni na elusheni zina gharama zake, na mwenye rundo hubeba fedha zake kwa majuma kabla ya kuona kitu. Hata hivyo amepata dhahabu nyingi kuliko mwenye shimo, wala hakushuka hata mita moja. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wahenga walishasema, lakini hapa mwenye nyama hajui hata ng'ombe alikuwa na kilo ngapi.

Hapo ndipo zebaki inapojificha. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulipitishwa 2013, ukaanza kutumika Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 iliuweka uchimbaji mdogo wa dhahabu kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu huitupa angani, kiasi cha asilimia 38. Semina zimefanyika, mabango yamebandikwa, ritoti za kunasia mvuke zimegawiwa. Zebaki ipo. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba wachimbaji hawana elimu, nami silikubali, kwa sababu mchimbaji anayeichagua zebaki anapiga hesabu sahihi kwa hali aliyo nayo. Ana viroba 20. Tangi la sianidi linataka makumi ya tani. Ana deni la chakula. Tangi linataka wiki mbili. Zebaki ndiyo chombo pekee kinachomlipa mwenye mzigo mdogo siku hiyo hiyo. Mwenye karasha naye, ambaye ndiye pekee mwenye uwezo wa kuleta mashine bora zaidi, hana sababu ya kuileta. Akisaga laini zaidi, dizeli ni yake na faida ni ya mteja. Akiboresha mwalo, marudio yake yanapungua utamu. Kila gramu inayoukimbia mwalo inakimbilia kwake. Mfumo unaomlipa msagaji kwa dhahabu iliyopotea utaendelea kupoteza dhahabu, hata kila mwenye karasha angekuwa mtu mwema.

Boraksi husifiwa kama mbadala, na kwa haki. Wachimbaji wa Benguet, kaskazini mwa Ufilipino, wamekuwa wakiyeyusha makinikia yao, yaani mchanga uliokusanya dhahabu, kwa boraksi kwa zaidi ya miaka 30 bila tone la zebaki. Lakini boraksi inahitaji makinikia yaliyosafishwa vizuri, na haiifuati dhahabu laini iliyokwenda na maji. Ukimpa mchimbaji boraksi na ukaacha marudio yakae kama yalivyo, umemwondolea sumu, jambo ambalo si dogo, ila hujamwongezea gramu.

Wapo watakaosema namwonea mwenye karasha. Amenunua mota, amevuta umeme, amechimba kisima, anasaga viroba vya watu ambao baadhi hawana fedha taslimu, na marudio ndiyo malipo yake. Zaidi ya hapo, yeye ndiye anayebeba hatari, kwani rundo linaweza kutoka tupu. Hoja hii ina uzito, nami sisemi mwenye karasha ni mwizi. Nasema anauziwa kitu kwa bei isiyotajwa, na biashara ya namna hiyo humnufaisha yule tu anayeijua bidhaa. Mwenye karasha aliyesaga mawe ya duara moja kwa miaka mitatu anajua marudio ya duara hilo hutoa nini. Mteja wake hajui. Kama kusaga kiroba kunastahili shilingi fulani, iandikwe ukutani. Kama marudio yanastahili gramu fulani, nayo yaandikwe. Baada ya hapo mchimbaji akiamua kumwachia marudio yote kama malipo, ameamua akijua.

Pingamizi la pili ni la wajuzi, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wanasema dhahabu haipimiki kwa sampuli, kwani viroba viwili vya duara moja hutoa majibu mawili. Ni kweli kwa mawe. Maabara huyeyusha sampuli ya gramu 50 hivi. Kwa mbale ya gramu 10 kwa tani, sampuli hiyo ina nusu miligramu tu ya dhahabu. Punje moja ya theluthi ya milimita ina uzito wa kama nusu miligramu. Ikiangukia kwenye sampuli yako, mbale inaonekana mara mbili ya ilivyo. Ikikosekana, unaambiwa huna kitu. Lakini angalia kinachotokea baada ya karasha na mwalo. Mawe yamesagwa, mchanga umekorogwa na maji, na zile punje nene zinazovuruga kipimo zimebaki kwenye magunia. Kilichosalia ni mchanga laini wenye dhahabu laini iliyosambaa, na huo hupimika vizuri kuliko mbale ilivyowahi kupimika. Yaani kitu tunachokitoa bure kwa kisingizio kwamba hakipimiki ndicho chenye kipimo cha kuaminika zaidi katika mnyororo mzima. Yaliyobaki ya kuangalia ni madogo: mchanga mbichi una maji, kwa hiyo unyevu upimwe na kutolewa kwenye uzito; na sampuli ichotwe sehemu nyingi za rundo, maana juu na chini ya rundo havifanani.

La tatu ni hofu ya sianidi. Nani atake kuiondoa zebaki kwa kuleta sumu inayoua kwa dakika? Usiku wa Januari 30, 2000, bwawa la mabaki lilipasuka Baia Mare nchini Romania, takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sianidi zikaingia mitoni hadi Tisza, na samaki wakafa kwa tani. Sianidi haistahili kuchezewa, na tangi la saruji lililochimbwa nyuma ya nyumba, jirani na kisima, halitetewi na hoja yoyote ya uchumi. Tofauti ni kwamba sianidi huvunjika: jua huivunja, na mtambo unaweza kuivunja kwa makusudi kabla ya kuachia maji. Zebaki ni elementi, haina cha kuvunjika. Inaingia kwenye tope, inageuzwa na vijidudu, inapanda kwenye samaki, na inakaa. Kibaya kuliko vyote ni kuzikutanisha. Sianidi ikipewa marudio yenye zebaki huiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, ikaibeba ndani ya maji, na kaboni ikaipeleka hadi kwenye tanuru la elusheni, ambako mtu asiyejua anavuta mvuke wake. Mkataba wa Minamata umelitaja jambo hilo kati ya yale ambayo nchi zinatakiwa kuyakomesha: kuchenjua kwa sianidi mchanga uliotiwa zebaki bila kuitoa kwanza. Utaratibu wetu wa sasa, zebaki mwanzo kisha rundo kwa mwenye matangi, unaweza kutufikisha hapo hapo. Anayeiogopa sianidi kwa dhati angetaka iende kwenye mitambo michache yenye leseni na mkaguzi, ikapewe mchanga ambao haukuwahi kuonja zebaki.

Nchi hii imeshawahi kugombana juu ya mchanga. Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha makinikia nje, na makontena 277 yakakaa bandarini Dar es Salaam yakisubiri jibu la swali moja: ndani mna nini? Makinikia yale yalitoka kwenye mbale zenye shaba, kama za Bulyanhulu, ambazo sianidi peke yake haizimudu, ndiyo maana yalikuwa yakisafirishwa kwenda kuyeyushwa. Takwimu za kamati iliyoundwa kuyachunguza zilibishaniwa vikali na kampuni iliyokuwa ikiyasafirisha, nami sitaki kuufufua ubishi huo. Ninachokumbusha ni kwamba taifa zima lilielewa kwa siku chache kwamba anayeuza mchanga bila kipimo chake mwenyewe anategemea huruma ya mnunuzi. Miaka miwili baadaye, Machi 2019, soko la kwanza la madini likafunguliwa Geita, na mengine yakafuata. Mchimbaji aliyekuwa akikadiriwa na broka gizani akapata mizani ya wazi, mashine ya kupima usafi wa dhahabu na bei ya siku. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini mizani ile inapima kidonge, yaani gramu 4 za mfano wetu. Zile 6 zinapita nyuma ya soko, na Serikali hukutana nazo baadaye, zikiwa mali ya mtu mwingine.

Kwa hiyo mizani isogezwe nyuma, kutoka sokoni hadi kwenye karasha. Vituo vya mfano vya Lwamgasa, Katente na Itumbi, vilivyo chini ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), vilijengwa kuwaonyesha wachimbaji uchenjuaji usio na zebaki. Vitafaa zaidi vikiwa pia mnunuzi, vikipokea viroba 20 vya mtu mmoja, vikivisaga, vikipima, na kumlipa sehemu ya thamani siku hiyo hiyo huku mchanga wake ukichanganywa na wa wengine mpaka tangi lijae. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wanajua kulipwa kwa uzito na daraja bila kusubiri nyuzi zitoke kiwandani. Mtaji wa malipo hayo ya awali ndio unaokosekana, na hapo benki zina kazi, kwa sababu rundo lililopimwa ni dhamana inayoonekana na lisilopimwa ni mchanga tu. Tume ya Madini nayo inaweza kuanza na sharti moja dogo lisilohitaji sheria mpya ya kurasa mia: hakuna marudio kubadili mikono bila karatasi yenye tani, unyevu na gramu kwa tani, na nakala ya karatasi hiyo apewe aliyeleta mawe. Mitambo mikubwa hukamata karibu asilimia 90 ya dhahabu yake kwa sababu kila saa kuna mtu anayepima mchanga unaotoka. Wingi wa mashine unasaidia, ila bila mpimaji huyo hakuna ambaye angejua mashine ipi inavuja.

Wakati karatasi hiyo ikisubiriwa, mchimbaji asisubiri. Kabla hujayaacha marudio yako, chota kiganja kimoja kimoja kutoka sehemu 20 za rundo, juu, katikati na chini. Changanya kwenye turubai, tandaza, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayokabiliana, changanya tena mpaka ubaki na kilo mbili. Anika, gawa nusu kwa nusu. Kilo moja ipeleke maabara. Nyingine ifunge, andika tarehe na jina la duara, mwenye karasha atie saini, uitunze. Kisha ndiyo mkae mzungumze bei.